Figa moja haliinjiki chungu: tumtayarishie mtoto chuo cha pili



Wakati huu watoto wetu wa mwaka wa mwisho wamemaliza Examen d'État, na katika nyumba nyingi za Lubumbashi watu wanangojea simu ilie. Mtoto anaangalia simu asubuhi, anaiangalia saa sita, anaiangalia tena usiku. Mama naye anajifanya kama hajali, lakini sombe inaungulia motoni.

Siku SMS ya matokeo inafika, ni shangwe. Mtoto anamwagiwa pudre kichwani, majirani wanapiga vigelegele, hata mtu ambaye hatusalimiani naye anakuja kushika mkono. Lakini kisha juma moja, pudre imekwisha kuoga, na ulizo lingine linaingia nyumbani: sasa atasoma wapi?

Sisi walimu tunasikia jibu moja karibu kila mwaka: "Anaenda UNILU." Tukiuliza, "Na kama UNILU haiwezekani?" watu wananyamaza. Wengine wanakasirika, kana kwamba tumemtakia mtoto mabaya. Hatumtakii mabaya. Tunauliza kwa sababu tumeona watoto wenye akili wakikaa nyumbani mwaka mzima kwa kukosa jibu la ulizo hilo.

Wazee walisema figa moja haliinjiki chungu. Juma hili tuongee juu ya figa la pili na la tatu.

Kwa nini mlango wa kwanza si hakika

Hatusemi UNILU ni mbaya. Ni chuo chetu, na tuna haki ya kukipenda. Masomo ya chuo kikuu yalianza hapa mjini katika miaka ya 1950, wakati mji uliitwa bado Elisabethville. Katika 1971 kiliunganishwa na vyuo vikuu vya Kinshasa na Kisangani ndani ya UNAZA, na tangu 1981 kinasimama chenyewe kwa jina la Université de Lubumbashi. Waganga, waamuzi na mainjenia wengi wa inchi yetu wametoka humo. Ndiyo maana watoto wa Katanga yote wanakitamani, na wa majimbo mengine pia wanakuja.

Basi, watu wakiwa wengi kwenye kisima kimoja, kuna anayerudi na ndoo tupu. Hapa kuna mambo manne yanayoweza kumrudisha mtoto.

La kwanza ni asilimia. Diplome d'État inapatikana kuanzia 50%. Hiyo 50% inamfungulia mtoto lango la elimu ya juu, lakini haifungui kila mlango ulio ndani ya lango. Fakulte zinazotakwa na watu wengi, kama vile Médecine na Polytechnique, zinaweza kuomba zaidi, au kupanga jaribio la kuingia.

La pili ni opsyo aliyosoma. Mtoto wa biolojia-kemia na mtoto wa pedagojia wana diplome moja mkononi, lakini hawakutayarishwa kwa masomo mamoja. Aliyesoma pedagojia akitaka uhandisi, hata akikubaliwa, hesabu za mwaka wa kwanza zitamwonyesha moto.

La tatu ni feza. Kuna mtoto aliyekubaliwa vizuri, jina lake liko kwenye orodha, lakini siku ya kulipa mama hana kitu. Orodha haingojei.

La ine ni kalenda. Mgomo unaweza kutokea, mwaka unaweza kuchelewa kuanza au kuchelewa kwisha. Kila mwaka Wizara inatoa maandishi yanayoitwa Instruction académique, ambayo yanapanga tarehe na mambo ya malipo katika vyuo vya Serikali. Kwa hiyo usitegemee yale mtoto wa jirani alilipa mwaka jana. Nenda uulize ya mwaka huu.

Mwaka uliopotea Katuba

Mama mmoja wa Katuba, muuza makala, alitupa ruhusa ya kusimulia yaliyompata, kwa sharti tusitaje jina lake.

Binti yake wa kwanza alimaliza biolojia-kemia na 58%. Tangu akiwa mdogo alisema atakuwa daktari, na mtaa mzima ulikuwa unamwita "Docteur". Baba yake alisema, "Ni Médecine, ao hakuna." Wakalipa fishi ya kuomba na feza ya jaribio, mtoto akafanya jaribio, wakarudi nyumbani kungojea. Mwalimu wake mmoja wa shule alimshauri achukue fishi nyingine kwenye chuo cha tiba. Baba akakataa, akasema ni kumvunja mtoto moyo.

Orodha ilibandikwa siku ya mvua. Mtoto alisoma majina yote mara mbili, kisha akapiga simu: "Mama, jina yangu haiko."

Walitumia juma tatu wakitafuta mtu wa kuwasaidia ndani. Mtu akapatikana, akasema anaweza "kuingiza" jina, akakula feza ya mifuko mingi ya makala, kisha simu yake ikazimika. Walipokwenda sasa kwenye chuo cha tiba, maandikisho yalikuwa yamefungwa.

Mwaka ule binti alikaa nyumbani. Alipika, alifua, alibeba makala. Wenzake walipopita na masilabusi mkononi alikuwa anaingia ndani ya nyumba. Mjomba mmoja alianza kusema kwamba kama masomo yamekataa, kuna kijana mwenye kazi nzuri Kolwezi anatafuta bibi. Mama alitwambia: "Mwalimu, pale ndipo niliogopa kabisa. Mi nilijua mulango ni moja tu. Na ule wakati ulifungwa, kila mutu alikuwa na mupango wake juu ya mutoto wangu."

Mwaka uliofuata mama mwenyewe alichukua fishi mbili, bila kuuliza mtu. Leo binti anasoma uuguzi, yuko mwaka wa pili. Si daktari. Baba yake bado hajafurahi sana, tunasema kweli. Lakini mwezi uliopita jirani alizidiwa na malaria usiku, na ni yule binti aliyemshika, akamwambia watu wasingoje asubuhi. Sasa mtaa umeanza tena kumwita "Docteur", naye anawasahihisha: "Ni mwuguzi."

Na sisi tulipitia hapo

Sisi tunaoandika haya hatukutaka kuwa walimu. Tulitaka Droit. Tulijiona tukivaa toge nyeusi na watu wakisimama tukiingia. Baba alikuwa amepoteza kazi, mama alikuwa anauza vitumbua mbele ya nyumba, na ni feza ya vitumbua iliyonunua fishi.

Mama hakusoma sana, lakini siku ile alinunua fishi mbili: moja ya Droit, moja ya Institut Supérieur Pédagogique. Tulikasirika. Tulimwambia kwamba ISP ni ya watu walioshindwa. Hakubishana. Alisema tu, "Jaza zote mbili. Moja ni yako, ingine ni yangu."

Nafasi ya Droit ilipatikana, lakini feza ya kuanza haikupatikana kwa wakati. Ilibaki fishi ya mama. Tuliingia ISP na uso wa kununa, na miezi ya kwanza mwili wetu ulikuwa darasani, roho ilikuwa kule kwingine. Matunda yake: tulianguka masomo mawili, tukaenda sesyo ya pili. Hakuna aliyetuangusha isipokuwa kiburi chetu.

Kisha tulipelekwa stazhi katika shule moja ya Kenya, ile komini yetu, si inchi. Watoto sabini na zaidi ndani ya darasa. Kijana mmoja aliyekuwa anaogopa kusoma kwa sauti alisoma ukurasa mzima siku ya mwisho. Hapo tulielewa kwamba fishi ya mama haikuwa ya watu walioshindwa. Leo tunakula kazi hiyo, na wadogo zetu wamesoma kwa kazi hiyo.

Tunasimulia haya kwa sababu moja: chuo cha pili kinafaulu mtoto akikiheshimu. Na mtoto hawezi kukiheshimu kama sisi wazazi tunakiita takataka.

Tuchague namna gani?

Tuanze na kazi, tusianze na jina la chuo. Muulize mtoto: "Ndani ya kazi ile ya daktari, unapenda nini?" Kama anapenda kushika wagonjwa, Institut Supérieur des Techniques Médicales, yaani ISTM, inafundisha uuguzi na kazi nyingine za hospitali. Kama anapenda kuchunguza damu na vijidudu, kuna kazi ya laboratwari. Kama anapenda biolojia yenyewe, fakulte ya Sciences iko. Mtoto aliyekosa Médecine na akaandikishwa katika kitu asichojua, kwa sababu tu kilikuwa na nafasi, ataacha katikati.

Vivyo hivyo kwa wengine. Anayetaka hesabu za uchumi aangalie pia Institut Supérieur de Statistique. Anayetaka kusaidia jamaa na watoto wenye shida aangalie Institut Supérieur d'Études Sociales. Anayependa lugha, historia ao fizika, asiogope ISP. Anayependa kompyuta, kuna shule ya Wasalesiani, ESIS Salama. Anayetaka mambo ya migodi, asisahau kwamba Likasi na Kolwezi zina vyuo vikuu vya Serikali vilivyoanza kama matawi ya UNILU. Likasi ni kilometa kama 120 kutoka hapa, Kolwezi kama 300. Kama una dada ao shangazi kule wa kumlaza mtoto, hicho ni chuo cha pili kizuri.

Figa la pili liwe la kuingilika kweli. Kuandika Médecine ya hapa na Médecine ya mahali pengine penye sharti zile zile ni kuweka mayai yote katika kikapu kimoja na kusema vikapu ni viwili. Chuo cha pili kiwe kile ambacho asilimia ya mtoto na opsyo yake vinakubaliwa bila shaka. Cha tatu kiwe kile ambacho na mfuko wako unakiweza hata mwaka ukiwa mbaya.

Tuulize karatasi ya Serikali. Chuo cha binafsi si kibaya kwa sababu ni cha binafsi. Kuna vizuri sana. Lakini kila kimoja kinapaswa kuwa na agrément ya Wizara, na Wizara imekwisha kufunga vyuo visivyo na sifa zaidi ya mara moja. Kijana mmoja jirani yetu alisoma miaka miwili katika nyumba yenye kibao kizuri na rangi mpya. Siku ya kutafuta chuo kingine, karatasi zake hazikukubaliwa popote. Miaka miwili, na feza ya baba aliyeuza kiwanja. Kwa hiyo omba namba ya agrément na uulize inahusu masomo gani, maana chuo kinaweza kuwa na ruhusa ya kufundisha jambo moja, na jingine hapana. Anayekasirika kwa sababu umeuliza, amekwisha kukujibu.

Tuelewe diplome mpya. Wamama wengi wanajua ile ya zamani: miaka 3 ya graduat, kisha miaka 2 ya licence. Sasa tuko katika mpango wa LMD. Licence ya sasa inachukua miaka 3 yenye kredi 180, kisha master miaka 2 yenye kredi 120. Médecine inakwenda kwa muda mrefu zaidi. Hii ni habari njema kwa chuo cha pili: mtoto akimaliza licence yake vizuri, anaweza kuomba master mahali pengine, hata kwenye chuo alichokosa mara ya kwanza, kama masomo yanafanana. Lakini aulize mapema, asingoje mwaka wa tatu.

Tuhesabu feza yote, si minervali tu

Wamama wengi tunauliza, "Minervali ni ngapi?" kisha tunarudi nyumbani na namba moja. Minervali ni mlango, nyumba iko ndani. Kuna fishi, kuna enrôlement ya kila sesyo, kuna masilabusi, kuna kazi za mikono na stazhi, kuna bluzi nyeupe kwa wale wa tiba, kuna simu na unite za kutafuta masomo. Na kuna transport.

Tuhesabu pamoja, kama mfano tu. Tuseme safari moja ya taksi-bisi ni franka 1 500. Kwenda na kurudi ni 3 000. Siku 5 ni 15 000. Juma 4 ni 60 000. Miezi 9 ni 540 000. Na kama mtoto anashika bisi mbili kufika, mara mbili. Ndiyo maana chuo chenye minervali kidogo lakini kilicho upande mwingine wa mji kinaweza kula feza kuliko kile cha bei lakini cha karibu.

Weka daftari. Chora mistari mitatu, moja kwa kila chuo. Andika kila kitu, jumlisha, kisha ukaonyeshe baba na watoto. Namba zilizoandikwa zinapunguza ugomvi.

Hapa likelemba yetu inaweza kusaidia. Vikundi vingi vinapanga zamu kwa kura. Tunashauri hivi: mama mwenye mtoto wa mwaka wa mwisho apewe zamu katika kipindi cha maandikisho, na yule ambaye hana haraka achukue mbele ao nyuma. Haimpunguzii mtu hata franka moja, na inaweza kuokoa mwaka wa mtoto. Kikundi kimoja cha chama chetu kimekwisha kukubaliana hivyo. Wengine waongee katika mkutano ujao.

Na tusimpe feza mtu wa njiani. Fishi inauzwa kwenye ofisi, malipo yanafanyika kule chuo kimeonyesha, na bordero inabaki mkononi mwako. Yule anayesema "nipe, nitampitisha" anauza kitu ambacho si chake. Kwa binti zetu hatari ni mbili, kwa sababu kuna wasiotaka feza, wanataka kitu kingine. Mwambie binti yako wazi, mbele ya yote, kwamba hakuna nafasi ya chuo inayostahili bei hiyo, na kwamba akiombwa hivyo arudi kukuambia bila woga.

Kazi ya juma hili

Tusingoje SMS. Tufanye haya sasa, mtoto akiwa bado anangojea.

Kaa na mtoto, baba akiwepo kama inawezekana. Andikeni vyuo vitatu: cha moyo, cha hakika, cha mfuko. Mtume mtoto mwenyewe aende kwenye aparitora ya kila chuo kuuliza sharti, tarehe ya mwisho na karatasi zinazotakwa. Afotokopi mapema bulletini za miaka ya mwisho, cheti cha kuzaliwa na picha, aweke seti tatu katika bahasha tatu. Tarehe za mwisho ziandikwe kwa herufi kubwa na kubandikwa mahali kila mtu anapita. Kwetu zilibandikwa juu ya mtungi wa maji.

Na kama orodha ya kwanza inatoka bila jina, acha mtoto alie siku ile. Usimwambie "nilikuambia". Mpikie bukari, mwache alale. Asubuhi yake mpe bahasha ya pili, naye aende mapema, maana mistari kwenye aparitora ni mirefu.

Mama yetu aliyeuza vitumbua bado yuko. Tulipomwuliza juzi kama alijua kwamba Droit itashindikana, alicheka, akasema: "Sikujua kitu. Nilijua tu kwamba mutoto hawezi kukaa."

Juma lijalo, walio na maulizo juu ya chuo fulani wayalete kwa maandishi kwenye mkutano wa chama. Tutajibu yale tunayoyajua, na mengine tutakwenda kuuliza pamoja kwenye ofisi zenyewe.

Amani nyumbani mwenu.